Injini kutetemeka gari likiwa limesimama: vipimo vya kufanya kabla ya kununua spea

Gari liko kwenye foleni ya Mwanjelwa, mguu uko kwenye breki, usukani unatetemeka na kioo cha pembeni kinacheza hadi bodaboda iliyo nyuma huioni vizuri. Ukikanyaga mafuta kidogo mtetemo unapotea. Ukimweleza fundi, jibu la kwanza mara nyingi ni kubadilisha plagi zote. Huenda akawa sahihi. Lakini mtetemo huu una vyanzo vingi, na kimojawapo kinagusa breki.

Injini nyingi za petroli zikiwa sailensi huzunguka kati ya mara 600 na 800 kwa dakika. Katika mwendo huo mdogo kila silinda inahesabika. Injini ya silinda nne ikikosa moja imepoteza robo ya nguvu zake, na mwili wa gari unalihisi pengo hilo. Mzunguko ukiongezeka, uzito wa flaiwili unaficha kasoro, ndiyo maana gari hilohilo linaweza kwenda barabarani bila shida kubwa.

Je, ni baridi na mwinuko?

Iringa iko karibu mita 1,600 juu ya usawa wa bahari na Mbeya karibu 1,700. Kwa mwinuko wa Mbeya, mgandamizo wa hewa ni pungufu kwa karibu moja ya tano ukilinganisha na Dar es Salaam. Gari la kaburata lililosetiwa pwani likipanda huku hupata mafuta mengi kuliko hewa: linanuka petroli na plagi zinakuwa nyeusi. Gari lenye sensa hujirekebisha lenyewe, hivyo fundi akikwambia Vitz yako inatetemeka kwa sababu ya mwinuko tu, usikubali haraka.

Mwinuko hupotosha kipimo kimoja. Geji ya vakyumu kwenye injini nzima ya pwani husoma inchi 17 hadi 22, na hupungua karibu inchi moja kwa kila mita 300 unazopanda. Inchi 13 au 14 Mbeya si ugonjwa. Anayefuata kitabu kilichoandikwa kwa usawa wa bahari anaweza kuifungua injini isiyo na kosa.

Asubuhi za Juni na Julai, Uyole au Mafinga, injini kuunguruma kwa nguvu dakika za mwanzo na kutoa mvuke mweupe ni kawaida. Subiri ipate joto ndipo uihukumu. Kama moshi mweupe unaendelea na maji ya rejeta yanapungua bila kuvuja nje, shuku gasketi ya silinda hedi. Na injini za silinda tatu, kama za Passo na baadhi ya Vitz za cc 1,000, zina mtetemo kidogo wa kuzaliwa.

Kutafuta chanzo

Tazama kwanza mshale wa mizunguko. Ukiwa umetulia lakini bodi inatikisika, hasa gari la otomatiki likiwa kwenye D huku umekanyaga breki, na mtetemo ukipungua kwenye N, kagua mauntingi, yaani raba zinazoshikilia injini. Mtu asisimame mbele ya gari wakati wa kipimo hiki.

Kama mlio wa eksozi unakatika-katika, injini inamisi. Mashine ya kupimia itatoa namba: P0301 ni silinda ya kwanza, P0302 ya pili. Kwenye injini kama 1NZ-FE, iliyofungwa kwenye IST nyingi, kila plagi ina koili yake, na hapo ndipo pesa nyingi hupotea bure. Zima injini, hamisha koili ya silinda ya kwanza iende ya pili na ya pili ije ya kwanza, futa namba, kisha washa tena. Namba ikihamia P0302, koili hiyo ndiyo mbovu. Nunua moja, si nne. Isipohama, fanya hivyohivyo kwa plagi, halafu nozeli, na mwisho pima kompresheni. Taa ya injini ikianza kuwaka na kuzima, usiendelee na safari: petroli isiyoungua inaingia kwenye masega ya eksozi, inaungulia humo na kuyayeyusha.

Mshale ukipanda na kushuka wenyewe, au ukiona P0171, tafuta hewa inayoingia isikotakiwa. Mipira ya hewa hukauka na kupasuka, na mara nyingine utasikia mluzi mdogo. Fundi akitaka kupulizia petroli juu ya injini ya moto ili kusikia mlio ukibadilika, mkatalie. Hivyo ndivyo magari huungua.

Kabla ya kushuka Kitonga

Mpira mmoja kati ya hiyo unastahili kukaguliwa mapema: ule mnene unaotoka kwenye injini kwenda kwenye buster ya breki, lile duara jeusi la bati mbele ya dereva chini ya boneti. Magari mengi madogo ya petroli hutegemea mvuto wa injini kuisaidia miguu ya dereva. Mpira huo ukipasuka, injini hutetemeka na breki hupoteza msaada kwa pamoja. Breki hazifi, ila pedali huwa ngumu kama jiwe, na kwenye mteremko wa Kitonga au wa Iwambi kuelekea Mbalizi unaweza kukosa nguvu ya kulisimamisha gari kwa wakati.

Kipimo chake ni cha dakika moja. Injini ikiwa imezimwa, kanyaga breki mara tano au sita hadi pedali iwe ngumu. Endelea kuikanyaga, kisha washa. Pedali inatakiwa ishuke kidogo chini ya mguu. Ukiwa Ilula unaelekea Dar es Salaam na pedali haikushuka, usilianze teremko; fundi afuatwe hapo hapo Ilula.