Filta inayotegemeka: neno la kupimia chujio la oili

Anayeishi Bwiza, hapa Bujumbura, haendi mbali kutafuta fundi wa gari; mtaa wa jirani, Buyenzi, una gereji na maduka ya spea. Huko kifaa kinachosafisha oili ya injini kina majina ya kutosha. Mmoja atakiita filtre kwa Kifaransa, mwingine filta, na aliyewahi kukaa Kigoma au Dar es Salaam huenda akasema chujio la oili. Yote yanaeleweka, wala sioni sababu ya kuyagombanisha. Neno linalotupungukia ni la kukipimia kifaa hicho kikiwa mkononi, kabla pesa haijatoka mfukoni.

Mteja huuliza, "Hii ni nzuri, fundi?" Hujibiwa, "Ni orijini, mzee." Jibu hilo linataja filta ilikotoka, halisemi itafanya nini ndani ya injini. Kifaransa cha ufundi hutenga mambo mawili: qualité na fiabilité. La kwanza tunalo tangu zamani, ni ubora. La pili ndilo hutafsiriwa ovyo.

Wapo wanaosema uaminifu. Lakini uaminifu ni wa mwenye hiari, anayeweza kuiba akaacha. Filta ni kopo la bati tu, haina hiari. Wengine huandika utegemezi, na hapo maana inageuka juu chini. Mtegemezi ni yule anayemwegemea mwenzake, kama mtoto kwa mzazi. Ukisema filta ina utegemezi, umesema filta ndiyo inayobebwa, ilhali injini ndiyo inayoitegemea. Uthabiti unakaribia, ila jiwe nalo ni thabiti na halichuji kitu.

Mimi nachagua kutegemeka. Kauli hii ya -ka tunaijua vizuri: chakula kinalika, maandishi yanasomeka, barabara inapitika. Na mtu akikuambia barabara inapitika, hukosi kumuuliza: kwa gari gani, na masika au kiangazi? Kauli yenyewe inadai masharti. Ndivyo wahandisi wanavyoifafanua sifa hii: uwezo wa kifaa kufanya kazi yake, katika hali iliyotajwa, kwa muda uliotajwa. Kazi, hali, muda. Tuiweke filta kwenye mizani hiyo.

Kazi yake ni kuzuia uchafu huku ikipitisha oili, kama anayekamua nazi anavyotaka chicha ibaki na tui lishuke. Uchafu huo hupimwa kwa mikroni, yaani sehemu ya elfu ya milimita. Unywele wa mtu una unene wa mikroni 70 hivi. Boksi likiandikwa "mikroni 20" tu, halijasema kitu, kwa sababu filta si chekecheke yenye matundu sawa. Kipimo cha kimataifa cha ISO 4548-12 huzungusha oili yenye vumbi na kuhesabu chembe kabla na baada ya filta. Chembe 1,000 za ukubwa fulani zikiingia na 50 zikatoka, uwiano ni 20, nao uchujaji ni asilimia 95. Zikitoka 500, uwiano ni 2, asilimia 50. Filta zote mbili zinaweza kuuzwa kwa jina la "mikroni 20".

Hali nazo hubadilika. Gari linalotoka Bujumbura, kando ya Ziwa Tanganyika, kwenda Bugarama hupanda zaidi ya mita 1,000, na oili hupata joto kali. Likilala huko juu, asubuhi oili ni nzito na inasitasita kupenya karatasi ya kuchujia iliyo ndani ya filta. Hapo hufunguka vali ndogo ninayoiita vali ya kando: hupitisha oili bila kuichuja, kwa kuwa oili chafu ni afadhali kuliko injini kavu. Vali ikiwa legevu, uchafu hupita kila siku. Ikikwama ikiwa imefungwa, injini inaweza kukosa oili. Filta nyingi zina pia mpira wa kuzuia oili isirudi chini gari likizimwa. Mpira huo ukikakamaa kwa joto, injini inaweza kugonga kila ukiwasha asubuhi, na taa ya oili ikachelewa kuzimika.

Muda ndio hakimu wa mwisho. Filta mpya inaweza kuwa na ubora wote, kisha gundi ya mikunjo ya karatasi ikaachia katikati ya safari zake. Kwa hiyo usiitupe filta ya zamani ikitolewa. Mwombe fundi aipasue kwa kikata bomba, kwani msumeno humwaga vumbi la chuma na kukudanganya. Tandaza karatasi: mikunjo imelala sawa au imebanana? Imechanika? Gundi imeshika mwisho hadi mwisho? Kama kuna mng'aro wa chuma, huo ni ujumbe kuhusu injini yenyewe, usiibebeshe filta lawama.

Wahenga walionya kwamba mtegemea cha nduguye hufa maskini. Injini haina njia nyingine. Lazima itegemee cha mwenziwe. Basi anayeinunulia mwenzi huyo aulize hivi: inazuia chembe za mikroni ngapi, kwa asilimia ngapi, na inategemeka hadi kilometa ngapi? Muuzaji akirudia "orijini", swali lako bado halijajibiwa.