Leaving Earth

Leaving Earth ni mchezo wa mezani kuhusu uchunguzi wa anga-nje, uliobuniwa na Joseph Fatula na kutolewa mwaka 2015. Huchezwa na watu 1 hadi 5. Kila mchezaji huongoza shirika la anga la nchi, kuanzia 1956 hadi 1976, akiwania alama kwa kutimiza safari kama vile kumfikisha binadamu Mwezini na kumrudisha salama.

Kiini chake ni hesabu. Kila hatua ya safari ina kiwango cha ugumu. Tungamo la chombo kizima huzidishwa kwa ugumu huo, na jibu halipaswi kuzidi msukumo wa roketi zinazowashwa. Kutoka ardhini hadi obiti ya Dunia, ugumu ni 8. Roketi ya Saturn, yenye msukumo 200, huinua jumla ya 25; yenyewe ina tungamo 20, hivyo mzigo hubakiwa na 5 tu. Kwa kuwa roketi za hatua za baadaye nazo ni sehemu ya mzigo huo, wachezaji hupanga safari kinyumenyume, kutoka mwisho hadi mwanzo.

Kila teknolojia mpya huambatana na kadi zilizofunikwa za mafanikio au hitilafu. Majaribio huzifichua, na mchezaji anaweza kulipa ili kuziondoa.