Ligombo, Gitaa na Kijana wa Iringa

Kila nikisoma habari za kijana wa Iringa au Mbeya anayetunga na kuimba kwa gitaa lake, nakuta waliomvutia ni walewale: Bob Marley, Tracy Chapman, basi. Sina ugomvi nao. Ila najiuliza, jamani, hapo nyumbani hapakuwa na mtu?

Walikuwepo. Wahehe wana ligombo, chombo cha ubao uliochongwa mfano wa sinia refu, uzi ukapitishwa juu yake huku na huku. Mpigaji anapiga na kuimba mwenyewe. Mtu mmoja, chombo kimoja, maneno yake. Huyo msanii tunayedhani ametoka Ulaya, Uhehe walikuwa naye zamani.

Mwaka 1950 Hugh Tracey, Mwingereza aliyeishi Afrika Kusini, alizunguka Tanganyika na mashine yake ya kurekodi, akainasa ligombo. Mwaka 1954 akaanzisha maktaba ya muziki wa Kiafrika, ILAM, hukohuko Afrika Kusini. Mwaka huohuo fuvu la Mtwa Mkwawa lilirudishwa Kalenga kutoka Ujerumani. Hebu fikiria: fuvu limerudi nyumbani, sauti imehamia ugenini. Leo ukitaka kuliona fuvu unakwenda makumbusho ya Kalenga. Ukitaka kuisikia ligombo ya mwaka 1950, unahangaika na intaneti.

Mbeya nako kuna habari yake. Wamisionari Wamoraviani walifika Rungwe mwaka 1891, na nyimbo za kanisani zikawazoesha watu kuimba kwa sauti nne. Kisha vijana wa Kinyakyusa wakaenda kusaka mshahara kwenye migodi ya Copperbelt na Afrika Kusini, na huko gitaa lilikuwa limeshazoeleka. Jirani tu na Copperbelt, Katanga, Jean Bosco Mwenda alikuwa akilipiga kwa vidole na kuimba Kiswahili; Tracey yuleyule alimrekodi mwaka 1952.

Kwa hiyo kijana wetu ana ukoo mrefu kuliko anavyoambiwa. Shida ni kwamba ukoo huo unakaa vichwani mwa wazee, na wazee hawatungoji. Marley atasikika miaka mia ijayo, hana haraka. Mzee wa Kalenga anayejua kufunga nyuzi za ligombo, huyo ndiye wa kumwahi. Mdogo wangu, nenda na simu yako, umwamkie, kaa chini, urekodi.