Jaribio Lililokubali Kila Kitu

Mwaka juzi nilipata kibarua cha kuandika programu ya malipo ya duka moja la mtandaoni. Majaribio yangu yote yalikuwa kijani. Siku ya kufungua duka, hakuna mteja hata mmoja aliyepata ujumbe wa kulipa. Kumbe nambari za simu zilitumwa zikianza na 07 badala ya 254. Jaribio langu nililiambia likubali agumenti yoyote, na likakubali.

Aibu ikanifanya nichimbe historia.

Mwaka 1997, Kent Beck na Erich Gamma waliandika JUnit wakiwa ndani ya ndege kutoka Zurich kwenda Atlanta. Wazo lilikuwa rahisi: linganisha jibu unalotarajia na ulilopata. Lakini programu inayotuma ujumbe haikurudishii jibu la kulinganisha. Mwaka 2000, Tim Mackinnon, Steve Freeman na Philip Craig walieleza suluhisho kwenye kongamano kisiwani Sardinia, Italia. Waliliita moki: kitu bandia kinachosimama mahali pa kile halisi na kukagua kimeitwa kwa agumenti zipi.

Shida ni kwamba agumenti hubadilika. Ombi langu la malipo lilibeba nambari ya simu, saa na nambari ya risiti. Ukidai usawa kamili, jaribio litaanguka kila saa inaposonga. Ndipo vikaja vilinganishi, vyenye maswali kama "inaanza na" ama "ni kubwa kuliko". Swali lako lisipokuwepo, Java ilikudai uandike klasi nzima. Wavivu kama mimi tukachagua "yoyote".

Java 8 ilileta lambda mwaka 2014, na Mockito 2 ya mwaka 2016 ikakuruhusu kuitumia kama kilinganishi. Hiyo ndiyo kolibeki: unaikabidhi moki fanksheni yako, moki inaiita na kuipa agumenti iliyofika, nayo inajibu kweli ama si kweli.

Mstari mmoja ulinitosha: nambari ianze na 254, iwe na tarakimu 12. Saa na risiti sikuziuliza. Jaribio likawa jekundu, na kwa mara ya kwanza likaniambia ukweli.

Lakini kolibeki inayojibu kweli kila wakati ni "yoyote" iliyovaa suti tu. Siku hizi, kabla sijaiamini, naipa kwanza nambari ya 07 nione kama itakataa.