Waya wa betri ya trekta kuukuu

Waya mnene wa shaba unaounganisha betri na stata, pamoja na mwenzake unaofungwa kwenye bodi. Katika karakana za jua kali za Eastlands, Nairobi, kama zile za Kariobangi Light Industries, stata ikisuasua betri ndiyo hulaumiwa kwanza. Hesabu inataka waya ukaguliwe kabla ya kununua betri. Ampea 300 zikipita mita 2 za shaba ya milimita mraba 25, volti 0.4 hivi hupotea. Ya 50 hupoteza nusu yake. Ferguson TE20 za mwanzo, zenye volti 6, huumia zaidi, kwani nguvu ileile huhitaji ampea maradufu.

Wapo wanaosema waya mwembamba wa gari dogo ni nafuu na injini huwaka. Huwaka, ndiyo, betri ikiwa imejaa na injini ikiwa na joto. Asubuhi ya baridi ya Julai waya huo huchemka na stata hukosa nguvu. Waya wa alumini iliyopakwa shaba ni mbaya zaidi; kuutambua, kwangua ncha, weupe utaonekana. Kutu ya vichwani mwa betri huoshwa kwa maji ya magadi, kisha hupakwa grisi. Waya wa bodi hutolewa kwanza na kurudishwa mwisho. Katika trekta nyingi za kale za Uingereza, huo ndio chanya.