Mzimu wa Watu wa Kale: riwaya ya 1960 inayofaa kusomwa leo

Mtu anakutwa amekufa mahali pa mizimu. Watu wanasema mizimu ndiyo imemuua. Ni kweli? Hapo ndipo inaanzia riwaya Mzimu wa Watu wa Kale.

Mwandishi ni nani?
Ni Muhammed Said Abdulla, aliyezaliwa mwaka 1918 kule Makunduchi, Zanzibar, na kufariki mwaka 1991. Alikuwa mwandishi wa habari. Kitabu hiki kilipata zawadi ya kwanza katika shindano la East African Literature Bureau la 1957-1958, kisha kikachapishwa mwaka 1960. Kinahesabiwa kati ya riwaya za kwanza za upelelezi katika Kiswahili.

Kinaeleza nini?
Marehemu ni Bwana Ali Bomani, mtu wa mali. Anayetafuta ukweli ni Bwana Msa, mvuta kiko mwenye akili nyingi, anayefanana na Sherlock Holmes wa Uingereza. Katika hadithi zake huwa na rafiki yake Najum. Msa hacheki imani ya watu, lakini haimtoshi. Anauliza: nani alikuwa wapi? Nani anafaidika na kifo hiki? Jibu hatulisemi hapa, utalikuta mwenyewe.

Kwa nini sisi tukisome?
Juu ya uvumi. Hapa Butembo na Beni tunajua namna neno moja la sokoni linavyoweza kukimbia. Wakati wa Ebola, kuanzia Agosti 2018 hadi Juni 2020, watu zaidi ya 2,200 walikufa, na uvumi ulifanya wengine wakimbie vituo vya matibabu ao wafiche wagonjwa. Hata leo, kifo kikija ghafla, kuna mama mzee anayeweza kuitwa mchawi kabla ya mtu yeyote kuuliza swali. Bwana Msa anatufundisha kuuliza kwanza.

Kiswahili chake ni kigumu?
Ni cha Unguja, kiko na maneno ya Kiarabu tusiyoyazoea. Usikate tamaa: soma kurasa chache kwa sauti, mukiwa wawili ao watatu nyumbani, na mutazoea. Ukikipenda, endelea na Kisima cha Giningi (1968), kisha Siri ya Sifuri (1974).