Alikozaliwa Babu: Karatasi Zinapopingana



Katika kuadhimisha miaka kumi ya Chama chetu Kikuu, tumeonelea si vema tuhesabu mazao tukawasahau wazee. Wengi wetu hapa Tabora ni wajukuu wa watu wa safari: wapagazi, wawindaji wa tembo na wachuuzi walioifuata njia ya Bagamoyo hadi Ujiji. Na katika nyumba nyingi limo jambo liletalo fitina: karatasi moja yasema babu alizaliwa hapa, nyingine yasema kwingine. Siku ya kugawana urithi mtu huitwa mgeni juu ya shamba alilolilima baba yake.

Tutazame mfano ulio maarufu. Msiri, mtawala wa Garenganze katika Katanga, aliyeuawa Bunkeya tarehe 20 Desemba 1891, alikuwa mhamiaji kutoka nchi zetu hizi. Vitabu vingine vyasema alizaliwa karibu na Tabora, tena Mnyamwezi. Wazao wake, Wayeke, wasema asili yao ni Usumbwa, kaskazini-magharibi ya Tabora. Nani mkweli?

Hapana budi tumpime kwanza mwandishi. Watu wa pwani waliwaita Wanyamwezi karibu wote waliotoka bara ya magharibi na mizigo mabegani, Wasumbwa wakiwamo. Wazungu, tangu Burton na Speke walipofika Kaze katika mwaka wa 1857, walilipokea jina hilo hilo. Na Tabora ndiyo iliyokuwa kituo kikubwa kilichojulikana na wageni. Kwa upande wa pili, Wasumbwa walisafiri sana kuifuata shaba ya Katanga, na Kalasa, baba yake Msiri, alikuwa katika biashara hiyo. Zaidi ya hayo, lugha ya Kiyeke yakaribiana mno na Kisumbwa, na lugha ya nyumbani haikutungwa na karani. Kwa hiyo twaamua: Usumbwa. Wala aliyeandika Tabora hakusema uongo. Alitaja mji alioujua.

Kwa mizani hiyo tuwapime wazee waliokuja huku kutoka ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Wengi waliandikwa Wamanyema, jina lililofunika makabila mengi. Na kituo alichoandikiwa mtu huenda kikachukuliwa kuwa ndiko alikozaliwa. Karatasi mbili zikipingana, tuulize: nani aliandika, mwaka gani, kwa haja gani? Kisha tuulize jina la ukoo, miiko yake, na maneno ambayo bibi aliyatumia jikoni.

Twawaomba makatibu wa vyama vya msingi wayaandike hayo maadamu wazee wangali hai. Lakini ukweli ukipatikana, usiwe fimbo ya kumpigia jirani. Msiri alikuwa mgeni Katanga, na wazao wake leo ni wenyeji huko. Nasi katika Chama chetu twamjua mwanachama kwa jembe lake na hisa yake.